Kufundisha Stadi za Maisha na Afya Katika Shule ya Msingi: Mwongozo kwa Mwalimu wa Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Elimu ya kujitambua, kuishi na wenzako na kutunza afya haina kitabu chake pekee wala mtihani wake katika shule ya msingi ya Kenya. Katika mtaala wa umilisi, ulioenea nchini kuanzia mwaka wa 2019, sehemu moja ya elimu hiyo imo katika shughuli za mazingira za Gredi ya 1 hadi ya 3. Nyingine imo katika sayansi na teknolojia, kilimo na lishe, masomo ya jamii na elimu ya dini katika Gredi ya 4 hadi ya 6. Na iliyobaki huchopekwa katika kila somo kwa jina la masuala mtambuko, pamoja na kile kipindi kimoja cha malezi kwa wiki ambacho walimu wengi hukiita PPI. Kilichotawanywa namna hiyo hupotea kwa urahisi. Mwalimu wa hisabati akibakiwa na mada mwishoni mwa muhula, kipindi cha kwanza kuombwa huwa ni hiki, na anayekitoa hudhani hajapoteza kitu kwa sababu hakuna karatasi yake siku ya tathmini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kutafuta maudhui, ambayo ni mengi kupita kiasi, bali ni kukipa kipindi nafasi ya kudumu. Katika azimio la kazi la muhula andika tarehe, mada na jina la mwalimu atakayefundisha, kisha mpe mwalimu mkuu nakala aitie sahihi kama anavyotia sahihi maazimio ya masomo mengine. Usijaze kila wiki mada mpya. Ni afadhali mada nne ambazo watoto wamezifanyia mazoezi kwa vitendo mara kadhaa kuliko mada kumi na mbili walizonakili kutoka ubaoni, kwa kuwa stadi ya maisha, iwe ni kunawa mikono au kumkatalia mtu mzima, haipatikani kwa kunakili.

Anza na njia ya mtoto, si na fasili

Kila mada ianze na jambo ambalo mtoto atalifanya au atakutana nalo kati ya kuamka na kulala. Mwanafunzi wa Gredi ya 3 anayekariri kwamba usafi ni hali ya kutokuwa na uchafu hajapata cha kumkinga na kipindupindu. Anayejua ni mtungi upi nyumbani umetiwa dawa ya maji na ni upi wa kuogea amekipata. Ili kuyajua mambo hayo, tumia kipindi kizima cha kwanza cha muhula kuwachoresha wanafunzi ramani ya njia yao kutoka mahali wanapolala hadi darasani. Waambie watie alama ya duara mahali wanapopapenda, alama ya pembetatu mahali wanapopaogopa, na alama ya tone mahali wanapochota au kukanyaga maji. Wasiandike majina yao, na ramani zisibandikwe ukutani, kwa sababu alama ya woga iliyochorwa kwenye nyumba ya mtu si jambo la kuonyeshwa wageni wa shule.

Ukizipanga ramani hizo mezani jioni, mada zako zitajipanga zenyewe, na zitatofautiana kutoka shule hadi shule hata ndani ya kaunti moja. Shuleni Manyatta au Nyalenda utaona maji ya kununua kwa mitungi, mitaro iliyo wazi na vyoo vinavyotumiwa na nyumba kadhaa. Dunga na Usoma utaona ziwa, mitumbwi na wachuuzi wa samaki. Kwenye uwanda wa Nyando utaona mto unaofurika wakati wa masika na kukata njia ya shule, na karibu na Muhoroni au Mumias utaona vijia virefu kati ya miwa, ambako mtoto hutembea bila kuonekana na mtu. Kondele alama za pembetatu huwa kwenye barabara kubwa. Mwalimu anayechukua andalio la somo la shule nyingine bila kulibadilisha hufundisha hatari za watoto wa watu wengine. Mfano mzuri ni meno: katika maeneo mengi ya Nakuru maji ya visima yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wengi hukua na meno ya rangi ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyasafisha. Mwalimu aliyehamia huko kutoka Kisumu, akiendelea kutumia maneno yake ya zamani kuhusu meno machafu, atamwaibisha mtoto kwa kosa la mwamba unaotia floraidi hiyo majini.

Makubaliano na sanduku la maswali

Kabla ya kugusa mwili, hisia au familia, darasa linahitaji makubaliano yake. Waache wanafunzi wayatunge kwa maneno yao, lakini hakikisha mambo matatu yamo: hakuna anayelazimishwa kusema, hakuna anayechekwa, na tunazungumza kuhusu mtoto fulani bila kumtaja jina. Hilo la tatu ndilo hulinda zaidi. Swali la kwamba mtoto mwenye baba mlevi afanye nini usiku hujibiwa na darasa zima kwa utulivu. Likiulizwa kwa jina la mtu, kipindi kinageuka kuwa uvumi wa kijijini kabla ya kengele ya chakula cha mchana.

Sanduku la maswali ni boksi la kadibodi lenye tundu. Siri ya kulifanya litumike ni kumpa kila mwanafunzi karatasi ya ukubwa mmoja na kumtaka kila mmoja aandike kitu na kutumbukiza, hata kama ni mstari wa wimbo au salamu, ili asiwepo anayejulikana kuwa ndiye aliyeuliza. Lifungue peke yako, si mbele yao. Majibu yawe mafupi, ya kweli na yanayolingana na umri; mtoto wa Gredi ya 2 akiuliza mtoto mchanga hutoka wapi, jibu kwamba hukua katika sehemu ya tumbo la mama iitwayo mji wa mimba na kuzaliwa kupitia uke linamtosha, na mara nyingi atageukia swali la chakula. Swali usilojua jibu lake liahirishe hadi wiki ijayo na ulirudie kweli wiki hiyo. Swali lililoandikwa kwa matusi lijibu kwa kulisoma upya kwa maneno ya heshima, kwa kuwa mara nyingi mtoto hakuwa na maneno mengine.

Afya: chagua kinachoua na kinachotendeka

Orodha ya magonjwa ya vitabuni ni ndefu. Katika ukanda wa ziwa, malaria, kuhara na kichocho ndiyo yanayostahili vipindi vingi zaidi, na yote matatu yanaweza kufundishwa kwa mikono badala ya chaki.

Kwa kunawa mikono, wapake wanafunzi wawili mafuta kidogo ya kupikia yaliyochanganywa na vumbi la makaa. Mmoja anawe kwa maji matupu, mwingine kwa maji na sabuni kwa sekunde 20, kisha wote wawili wafute viganja kwenye karatasi nyeupe. Darasa halitahitaji maelezo. Baadaye tengenezeni mtungi wa plastiki uliotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti, wenye kijiti cha kukanyagia ili mikono michafu isiushike, na wanafunzi wa Gredi ya 5 wapewe zamu ya kuujaza. Sabuni huibwa, ifunge ndani ya soksi kuukuu na kuining'iniza, au tumia sabuni ya maji iliyozimuliwa katika chupa. Usisahau kuwatajia wasichana na wavulana wanaolea wadogo zao kwamba mikono hunawiwa pia baada ya kumbadilisha mtoto nepi, jambo ambalo mabango mengi huliandika kana kwamba ni la akina mama tu.

Kuhara hufundishwa vizuri kwa kupima. Pakiti ya maji ya chumvichumvi na sukari kutoka zahanati ndiyo bora, na kila mtoto ajue kusoma kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Isipokuwepo, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa na si vya kurundika, hukorogwa katika lita moja ya maji salama, yaani chupa mbili za soda za mililita 500. Waache wapime na kuonja: mchanganyiko usiwe na chumvi kuliko machozi, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mtoto mdogo. Hapo hapo waeleze dalili zinazomaanisha kwenda hospitali bila kungoja baba arudi kutoka kazini, yaani macho kudidimia, mtoto kulegea na kushindwa kunywa.

Kichocho kinahitaji uangalifu, kwani mafundisho yake mengi yameandikwa kwa ajili ya mahali pengine. Watoto hufundishwa kwamba dalili yake ni mkojo wenye damu, ilhali kando ya Ziwa Viktoria aina iliyoenea zaidi hushambulia matumbo na ini, na damu, ikionekana, huonekana kwenye choo kikubwa. Mwanafunzi wa Dunga anayengoja kuona mkojo mwekundu anaweza kungoja akiwa mgonjwa kwa miaka. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya hata ngozi isiyo na jeraha, hivyo kuchemsha maji ya kunywa hakumsaidii anayeogelea mchana. Kumwambia mtoto anayetumwa maji ziwani kila asubuhi kwamba asiguse ziwa ni kumfundisha kupuuza mwalimu. Mwambie yanayowezekana: maji ya kuogea yakikaa ndani ya pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vijidudu hivyo huwa vimekufa, ingawa maji hayo bado yanahitaji dawa au kuchemshwa kabla ya kunywewa, choo kitumike badala ya ufuo, maana ni ufuoni ambako mayai ya minyoo ya kichocho hurudi majini, na dawa inayotolewa shuleni inywewe. Dawa ya kichocho huwachafua tumbo walio na njaa, kwa hiyo siku hiyo pangeni uji mapema.

Kuhusu malaria, leta chandarua halisi darasani. Wengi wa wanafunzi wanajua kwamba mbu huuma usiku. Wasilojua ni namna ya kukitundika chandarua cha mstatili katika chumba kimoja ambamo viti husogezwa jioni ili watoto walale sakafuni. Kifungeni kwa kamba nne kwenye madawati, mkichomeke chini ya mkeka, kisha wanafunzi waeleze kamba hizo zingefungwa wapi kwao na nani angezifungua asubuhi. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa kwa watoto wachanga katika baadhi ya kaunti za magharibi mwaka wa 2019, itajwe kwa sababu wanafunzi ndio huwabeba wadogo zao hadi kliniki, lakini itajwe pamoja na chandarua, si badala yake.

Lishe naipitia haraka kwa kuwa soko limekwisha kuifundisha. Omena, mboga za kienyeji kama mnavu, kunde na mrenda, mayai, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa viko katika masoko ya Jubilee na Kibuye mjini Kisumu kwa bei ambayo mzazi anaijua. Jambo la kusisitiza ni kwamba omena huliwa na kichwa na mifupa, na hapo ndipo kalisi ilipo.

Somo moja kamili: kukataa na kusema

Hili ni somo la dakika 35 kwa Gredi ya 4, na ndilo ningemwomba mwalimu asiliruke hata kama muhula umembana. Swali dadisi lake ni hili: nifanye nini mtu akinitaka nifanye jambo linaloniogopesha?

Anza kwa kutaja sehemu za mwili kwa majina yake sahihi, kuanzia kichwani, pamoja na matiti, uke, uume na makalio, kwa sauti ile ile uliyotumia kutaja goti. Kicheko kitatokea, kiache kiishe. Mtoto asiye na jina la sehemu ya mwili wake hawezi kumweleza daktari wala polisi kilichompata. Eleza kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo za ndani ni zake, na kwamba mtu mzima huzigusa kwa ajili ya usafi wa mtoto mdogo au matibabu tu, mbele ya mtu mwingine, wala hamwambii mtoto aifanye siri. Tofautisha siri na zawadi ya kushtukiza: zawadi ya kushtukiza itajulikana na wote na itawafurahisha, siri ya kuogopesha huambatana na vitisho au peremende.

Kisha ingieni katika mazoezi. Mwendesha bodaboda anayempa msichana lifti kila siku bila malipo; jamaa aliyekuja kukaa nyumbani anayetaka kubaki na mtoto peke yake; mwanafunzi mkubwa anayemlazimisha mvulana mdogo avute kitu nyuma ya vyoo. Mwalimu mwenyewe ndiye achukue nafasi ya mtu mbaya, kamwe asimpe mtoto nafasi hiyo, na kila igizo liishe mtoto akiwa amefaulu kuondoka. Watoto wetu wamelelewa kutomkatalia mtu mzima, na adabu hiyo tunaitaka, kwa hiyo wape maneno yanayokataa bila kutukana, wayaseme kwa sauti wakiwa wamesimama: "Hapana, anko, natembea na wenzangu." "Hapana, sitaki. Naenda kumwambia mama." Rudieni mpaka aliye mnyamavu kuliko wote ayaseme kwa sauti ya kusikika nyuma ya darasa. Wavulana wafanye mazoezi yale yale, kwani nao huumizwa, na aibu yao huwafanya wakae kimya zaidi.

Mwisho, kila mmoja achore kiganja chake daftarini na kuandika kwenye vidole watu wazima watano anaoweza kuwaambia, angalau mmoja akiwa nje ya nyumba yao. Wa kwanza asipoamini, anaendelea kwa wa pili. Katikati ya kiganja waandike 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto. Funga somo kwa sentensi ambayo ni lazima itamkwe wazi: hata kama hukuweza kusema hapana, kosa si lako. Bila sentensi hiyo, somo la kukataa huweza kumfanya mtoto aliyekwisha kuumizwa aamini kwamba alishindwa mtihani.

Mtoto akikueleza jambo

Somo hilo likifundishwa vizuri, mtoto atakuja. Huenda akaja siku hiyo, au baada ya mwezi, akisimama mlangoni na daftari lisilohitaji kusahihishwa. Shule ambayo haijajiandaa kwa wakati huo haijawa tayari kufundisha somo lenyewe, kwa hiyo mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha wakubaliane mapema ni nani hupigiwa simu na nambari zake ziko wapi.

Msikilize mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Usiahidi siri. Sema: "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Ninakuamini, na kosa si lako. Nitawaambia watu wanaoweza kutusaidia." Uliza swali moja tu lililo wazi, kama vile "Nieleze kilichotokea," usimwongoze kwa maswali ya ndiyo au la, na usimtake arudie habari yake kwa walimu watatu mmoja baada ya mwingine. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa. Waraka nambari 3 wa mwaka wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unamtaka mwalimu anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono atoe taarifa ndani ya saa 24, na anayeficha anaweza kuadhibiwa. Iwapo anayeshukiwa ni mwalimu mwenzako au mwalimu mkuu, taarifa iende moja kwa moja kwa afisi ya tume katika kaunti ndogo, kwa afisa wa watoto au kwa polisi.

Ikiwa kuna kitendo cha ngono, mtoto afikishwe hospitali mara moja na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hazifai baada ya hapo. Asiogeshwe, na nguo zisifuliwe. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Tarajia shinikizo la kumalizana nyumbani. Litaletwa kwa upole na wazee wenye heshima, na pengine na mama wa mtoto mwenyewe ambaye hana mahali pengine pa kulala. Waeleze kwa heshima ile ile kwamba hili ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006, si deni la ng'ombe kati ya koo mbili, na kwamba wewe huna mamlaka ya kulifuta.

Balehe, hedhi na yale ambayo nyanya alifundisha

Wazazi wengi husema kwamba mambo haya si ya kuzungumzwa na watoto. Katika desturi ya Waluo yalizungumzwa, ila si na wazazi: wasichana walilala katika nyumba ya bibi mzee, siwindhe, na humo wakafundishwa, wavulana waliwasikiliza wazee kwenye duol, kibanda cha wazee. Ukiwakumbusha nyanya hilo katika mkutano, wengi wataunga mkono somo lako kuliko utakavyoungwa mkono na vijana, na nyanya hao ndio wanaolea idadi kubwa ya wanafunzi wetu. Huko Bungoma, ambako Wabukusu hutahiri mwezi Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, pangeni mazungumzo na wavulana kabla ya likizo hiyo na tena baada yake, kwa kuwa wapo watakaorudi wakiamini kwamba mwalimu wa kike hawaamrishi tena na kwamba wenzao ambao hawajatahiriwa ni wa kudhihakiwa.

Anza balehe katika Gredi ya 4. Mabadiliko huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana na kati ya miaka 9 na 14 kwa wavulana, hivyo kungoja Gredi ya 6 ni kumwacha mtoto aone damu kabla ya kuambiwa. Watenge wasichana na wavulana kwa kipindi kimoja ili maswali yatoke, kisha waunganishe katika kipindi kinachofuata na uwafundishe wote hedhi ni nini, maana anayemcheka msichana mwenye doa kwenye sketi mara nyingi ni mvulana ambaye hakuambiwa lolote. Onyesha sodo, namna ya kuibandika na namna ya kuitupa. Onyesha pia kitambaa kinachofuliwa, na sema wazi kwamba kianikwe juani, si chini ya godoro. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2017 yanaipa serikali wajibu wa kuwapa wanafunzi wa kike sodo bila malipo. Hata hivyo, weka akiba yako katika kabati ambalo mwalimu wa kike anaweza kulifungua bila kuomba ufunguo kwa mtu. Wasichana wa miaka 10 waelezwe pia chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa nchini tangu mwaka wa 2019, kabla uvumi haujawafikia.

Walio wagonjwa darasani mwako

Katika kaunti za ziwa si ajabu kuwa na mwanafunzi mwenye selimundu na mwingine anayemeza dawa za virusi vya ukimwi katika safu moja ya madawati. Wa kwanza anahitaji maji ya kunywa wakati wote, ruhusa ya kwenda msalani bila kuhesabiwa, sweta siku za mvua na kutolazimishwa kukimbia mbio ndefu. Maumivu yake ya mifupa si uvivu. Wa pili anahitaji kutojulikana. Sheria inalinda usiri wake, na wewe huna haja ya kuuliza nani anameza nini. Liondoe ukutani bango lolote linaloonyesha mafuvu na kusema kwamba ukimwi unaua, kwa sababu mtoto huyo hulisoma kila siku akiwa anaendelea vizuri na dawa zake. Fundisha badala yake kanuni moja kwa wote: damu ya mtu yeyote haiguswi bila glavu au mfuko safi wa plastiki.

Huzuni nayo ina nafasi yake. Watoto hurudi Jumatatu kutoka matangani, na wengine wamemzika mzazi. Usimwite mtoto aliyefiwa mbele kumpa pole hadharani isipokuwa ametaka. Mpe kazi ndogo karibu nawe, na mruhusu achore. Ama kiboko, kimekatazwa shuleni tangu mwaka wa 2001, na mwalimu anayefundisha kwamba mwili wa mtoto ni wake saa tatu asubuhi na kumchapa saa tano hafundishi chochote.

Wazazi na tathmini

Wazazi waitwe kabla ya mada nzito, si baada ya malalamiko. Waonyeshe andalio la somo lenyewe, waonyeshe michoro, na wasomee maswali machache ya sandukuni bila kutaja gredi. Maswali hayo hushawishi kuliko hotuba, kwani huonyesha kwamba watoto wamekwisha kusikia mambo hayo kwenye simu na njiani, na wameyasikia vibaya. Mwalike mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu na, ikiwezekana, mchungaji au imamu aliyekubali kukaa nawe kwanza.

Kupima elimu hii kwa maswali ya kuchagua jibu ni kujidanganya. Baada ya wiki tatu angalia kama sabuni huisha, mwombe mtoto aonyeshe jinsi ya kupima sukari na chumvi, mwombe aseme hapana tena kwa sauti. Rubriki, yaani jedwali la kupimia, ya viwango vinne itumike kwa stadi kama hizo. Isitumike kamwe kupima hisia za mtoto wala maisha ya nyumbani kwao. Mwishoni mwa muhula choma karatasi zote za sanduku na ramani zote, hifadhi chini ya kufuli kumbukumbu za taarifa ulizotoa, na mwandikie mwalimu wa gredi inayofuata ukurasa mmoja usio na majina: mada zilizofanyiwa mazoezi, maswali yaliyojirudia, na yale ambayo bado hujayajibu.